Santuri ya Balozi wa Nyumba Kumi

Kibao changu cha kusukumia chapati kilipotea siku ya gulio, na mwizi akaja mwenyewe kunipa pole.

"Mama Chapati, mtaa umeharibika," alisema, akakaa kwenye benchi langu na kuagiza chai na chapati mbili za moto. "Kibao cha mjane? Watu hawana hata aibu. Niachie mimi, nitafanya uchunguzi."

Alikuwa Balozi wetu wa nyumba kumi, hapa Chang'ombe ya huku Ugogo, si ile ya Dar es Salaam. Nilimshukuru. Kwa juma zima nikasukumia chapati juu ya mfuniko wa ndoo, zikatoka na chapa ya kiwanda mgongoni. Kisha nikapita kwake kumsalimia mkewe, nikakikuta kibao changu mezani sebuleni, kimetobolewa tundu katikati, kinazunguka taratibu.

"Shikamoo, Balozi. Hicho si kibao changu?"

"Marahaba. Kilikuwa," alisema bila kugeuka. "Sasa kimo kwenye historia."

"Na uchunguzi je?"

"Unaendelea."

Ndivyo alivyokuwa. Mtu mwingine angekuchukulia kitu chako ukamchukia. Balozi alikuchukulia ukajikuta unamuuliza kama anahitaji na mchi. Kila mkutano alitusomea somo la kuazima: kuazima kunavunja ujirani, mwenye kuazima sana mwisho ataazima hata mke. Akimaliza, anakuuliza kama una bisibisi. Ukimkumbusha maneno yake mwenyewe, anakwambia yeye haazimi, anakusanya kwa niaba ya mtaa.

Alikuwa na sauti nzito sana. Kukiwa na msiba hakuna aliyehangaika kutafuta kipaza sauti. Balozi anasimama mlangoni kwake, anatangaza mara moja, na watu wa mtaa wa pili wanaanza kuvaa. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa kwa ombi la mchungaji. Ikumbuke hiyo sauti, maana ndiyo iliyotutia matatani.

Kesi zake alizisikiliza penye chakula. Waliogombana aliwaleta kibandani kwangu, akawakalisha upande mmoja wa meza, akawawekea sahani moja. "Mwenye njaa hana hoja, ana hasira tu," alisema. Wale, washibe, ndipo wazungumze. Nusu ya ugomvi wa Chang'ombe uliishia kwenye maharage yangu kabla haujaelezwa. Uliobaki aliukata kwa neno lake, na neno la Balozi halikuwa na rufaa. Si kwa sababu ya cheo. Ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamata kwa uongo, ukitoa mambo ya vibao na bisibisi.

Ila lilikuwepo jambo moja.

Chini ya godoro, ndani ya foronya, ndani ya kanga ya mkewe, Balozi alikuwa na sahani ya santuri. Moja tu. Karatasi yake ya katikati ililiwa na mende, halikubaki jina la wimbo wala la waimbaji. ("Wale mende walitumwa," alisema.) Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alionyeshwa, akaruhusiwa kuishika kwa viganja viwili kama mtoto mchanga, akasimuliwa. Zamani, Balozi akiwa kijana kijijini kwao, walikuja watu na mashine ya kunasa sauti. Kikundi chao kikaimba. Aliyeongoza wimbo alikuwa yeye. "Sauti yangu imo humu," alimaliza, na kuigonga sahani kwa kucha.

Hakuna aliyeisikia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na santuri, mashine yenyewe ya kuichezea. Yeye mwenyewe aliisikia mara moja tu katika ujana wake, amesimama nje ya duka mjini, katikati ya watu. Vijana walimtafutia wimbo kwenye simu, zikaja nyimbo za watu wengine kabisa. Ukimwambia aipeleke Dar es Salaam kwa wenye mashine, anakuuliza kama wewe ungempandisha mama yako mgonjwa kwenye basi la usiku.

Aliyekuwa wa kwanza kutoamini alikuwa Mtani. Huyu ni fundi cherehani, Mhehe, anashona barazani kule Majengo na anaishi nyumba inayotazamana na ya Balozi. Balozi ni Mgogo. Wenye kujua utani wa makabila haya mawili wameshaelewa. Neno ambalo mtu mwingine angelisema akapelekwa polisi, Mtani alilisema akicheka, na Balozi akalirudisha lenye chumvi zaidi. Walitukanana kila asubuhi kabla hawajapiga mswaki, na siku mmoja akikosa, mwenzake anauliza kama yuko mzima.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Mtani alimwambia mbele ya wageni. "Sauti yako ikitoka kwenye hiyo plastiki, mimi nitajifunga kanga ya mke wangu, nikusongee ugali wa uwele mbele ya nyumba zote kumi."

"Na mlenda?"

"Na mlenda nitauchuma mwenyewe."

Tulicheka, na lingeishia hapo. Lakini mtaani akaja mpangaji mpya, mtu wa ofisini, mwenye viatu visivyoshika vumbi. Akagombana na jirani yake juu ya maji ya kufulia aliyoyaelekeza mlangoni kwa mwenzake. Balozi akawalisha, akawasikiliza, akaamua: mfereji uhamishwe. Mpangaji mpya akafuta mdomo.

"Neno la nani hilo? La huyu anayejidai kaimba kwenye sahani isiyo hata na jina? Mzee wangu, njia ya mwongo fupi. Mimi naenda ofisi ya mtaa."

Akaenda. Mfereji ukabaki. Baada yake na mwingine akaenda, na wa tatu. Kila aliyeshindwa kesi aliikumbuka sahani. Balozi akawa anakaa kibandani kwangu asubuhi nzima na hakuna aliyekuja na ugomvi. Mimi niliuza maharage machache, lakini si hilo lililoniuma. Lililoniuma ni kumwona akigeuka kila akisikia watu wakipaza sauti, kisha sauti zinapita na kwenda zao.

"Mama Chapati," aliniambia siku moja, "wakinifanya mwongo kwenye hili, nimekuwa mwongo kwenye yote. Hata yale niliyokwisha kuyaamua." Halafu akatazama kibao changu kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Kilipotea siku hiyohiyo.

Kununua santuri nzima kulikuwa ndoto ya mtu mwenye homa. Basi akaijenga kwa vipande. Mota aliitoa kwenye redio kaseti iliyokuwa imekufa kwa jirani. Alikwenda kuipa pole redio, akarudi na mota. Mkono wa kubeba sindano ulikuwa antena ya redio hiyohiyo, na ili usiielemee sahani aliutundikia kufuli dogo nyuma. Spika ilitoka kwenye bajaji. Mkanda wa kuzungusha kibao ulikuwa lastiki ya kiunoni mwa kaptula, mchango wa Mtani, ambaye aliutoa kwa maelezo kwamba anataka uongo ufe vizuri na usiache visingizio. Mtani huyohuyo akaleta na bobini ya cherehani ya kuvika kwenye mota. Ukizungushia uzi mwingi kwenye bobini, kibao kinakwenda mbio. Ukipunguza uzi, kinakwenda pole. Walishindana kubezana juu ya bobini ile mpaka jua likachwa, na ilifanya kazi.

Kitako kilitakiwa kiwe mbao nzito isiyotikisika. Mama Balozi aliijua mbao yenyewe alipokwenda kupumzika mchana, akatumbukia katikati ya kitanda, miguu juu. Balozi alikuwa ametoa chaga mbili.

"Mzee, nitalala wapi?"

"Pembeni," alisema Balozi.

Kilichobaki kilikuwa sindano, na sindano haiazimwi kwa jirani. Akasikia kwamba huko Zuzu, karibu na reli, kuna bibi aliyeachiwa santuri na marehemu mumewe. Akaenda. Akarudi jioni akiwa mwenye mawazo.

"Ipo?" nikamuuliza.

"Ipo. Kuku anaatamia ndani yake."

Mota ya santuri ile ilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini kichwa chenye sindano kilikuwamo bado, ndani ya sanduku, chini ya kuku. Bibi alikuwa tayari kukitoa, ila si kwa kumwamsha kuku wake. Balozi akawa anakwenda Zuzu kila alipopata nafasi, anakaa na bibi, anachungulia, anarudi na habari. Mtaa mzima ukaanza kufuatilia yale mayai. Siku Mtani alipoleta uvumi kwamba kuku kasusa, Balozi alishindwa kula chakula cha mchana. Hatimaye vifaranga wakatoka, na Balozi, mtu anayeogopa kuku tangu utotoni lakini hakubali kuulizwa sababu, akainama, akapenyeza mkono. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Alidonolewa vibaya. Alirudi na kitambaa kwenye kidole gumba na sindano mfukoni, anatembea katikati ya barabara.

Akaitisha nyumba kumi Jumapili baada ya ibada. Tulikaa uani, wengine juu ya ndoo. Mpangaji mpya alikuja pia, akasimama karibu na geti ili aondoke wa kwanza. Balozi akaitoa sahani kwenye foronya, akaipuliza, akaiweka juu ya kibao changu, akashusha antena.

Kwanza ukasikika mkwaruzo. Halafu ngoma, filimbi, na juu yao sauti moja nyembamba, inapanda, inapinda, inateleza juu kabisa. Sauti ya msichana. Nzuri, ila ya msichana.

Watu walitazamana. Nikaona bega la kwanza linatikisika kwa kicheko, likaambukiza la pili.

"Hongera, Balozi," Mtani akasema. "Kumbe ulikuwa binti. Mahari yako ilikuwa ng'ombe wangapi?"

Uwanja ukalipuka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu sauti ile na mtu yule havikukaa pamoja. Balozi alikunja uso. "Mashine ina haraka," alisema kwa ile sauti ya msibani. "Mhehe, punguza uzi."

Mtani akapunguza. Sauti ikashuka, ikawa ya mama wa makamo. "Punguza tena." Ikawa ya kijana. Mtani akafungua uzi mwingine, na mwingine, na kibao kikawa kinajikokota, na mara kutoka kwenye spika ya bajaji ikaja sauti nzito, nene, inayotikisa vikombe. Ilikuwa Balozi mtupu. Mtaa ulipiga ukelele. Mpangaji mpya akasogea kutoka getini. Mtani mwenyewe akasimama, amepigwa na butwaa, akaanza kwenda kwake.

"Unakwenda wapi?" Balozi akauliza.

"Kufuata kanga. Umeshinda, Mgogo wewe."

"Kaa chini. Huyo si mimi."

"Ni wewe! Kila mtu kakusikia!"

"Huyo anaimba kama anayejizika mwenyewe. Wimbo wetu hauendi hivi." Akainua antena, kukawa kimya. "Niliwaambia nimo. Sikuwaambia nitajitengeneza humo."

Nilitamani kumziba mdomo kwa chapati. Ushindi ulikuwa mkononi, nyumba zote kumi mashahidi, na yeye anaurudisha kama nguo isiyomtosha. Mpangaji mpya alitabasamu, akarudi getini. Balozi alikaa kwenye kiti chake, akatazama kidole chake kilichodonolewa, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

Ndipo Mama Balozi akatoka jikoni, mikono ina maji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ungeweza kukaa naye asubuhi nzima ukaondoka na "karibu" na "haya" tu. Akachukua ndoo tupu ya plastiki, akamwaga tone lililobaki, akakaa kigodani, akaibana mapajani, jinsi wanawake wa Kigogo wanavyoibana ngoma ya muheme. Akaanza kupiga.

"Mwendo wake huu," alisema. "Ongezeni uzi mpaka ngoma ya humo ishikane na ya kwangu."

"Umeujuaje mwendo, mama?" Mtani akamuuliza.

"Hiyo ngoma ya humo ni mimi."

Balozi aliinamisha kichwa, kumbe alikuwa akijua.

"Miaka yote hii, mbona hukusema?" nikauliza.

"Nani aliuliza? Ninyi mlikuwa mnauliza sauti."

Mtani akazungusha uzi, safari hii bila neno. Antena ikashuka. Ngoma ya ndoo na ngoma ya sahani zikakimbizana, zikapishana, Mtani akiongeza uzi kidogo kidogo, mpaka zikakanyaga pamoja na hukujua ipi ni ipi. Na sauti ikawa imerudi kulekule juu, nyembamba, ya msichana.

"Binti karudi," akasema mpangaji mpya kutoka getini.

Balozi akasimama. Akafumbua mdomo. Sisi tuliomjua tulijiandaa kwa radi. Haikutoka radi. Ilikuja kutoka juu kabisa ya koo sauti nyembamba, ile wanayoimbia vijana wa Ugogo, imechakaa, inakatika hapa na pale, lakini inapinda pale sahani inapopinda na kuteleza pale inapoteleza. Alivuta pumzi, na kwenye sahani ikavutwa pumzi. Kulikuwa na mahali kijana wa zamani alichelewa kidogo kuingia. Balozi naye alichelewa. Tulikuwa tumeitengeneza mashine ifanane na mzee tuliyemzoea, hakuna aliyefikiri kwamba mzee aliwahi kuwa mtu mwingine.

Mama Balozi aliendelea kupiga ndoo, akimtazama mumewe kama anayemchagua. Nililia, na sikuona haya. Wimbo ukaisha. Tulimsikia mtu akivuka uwanja, tukageuka: Mtani alikuwa ameshajifunga kanga, ameshika mwiko.

Ugali wake ulikuwa na madonge, na mlenda aliuchuma pamoja na majani ambayo mpaka leo hatuyajui. Tulikula. Mpangaji mpya alikula sahani moja na jirani aliyegombana naye, na mfereji aliuhamisha mwenyewe, katika viatu vile vile. Kibandani kwangu ugomvi ukarudi kwa wingi, maharage yakawa hayatoshi. Kibao sijarudishiwa. Balozi anasema uchunguzi umefika mahali pagumu.

Mara ya mwisho kumwona ni juzi. Amekuwa mgonjwa wa mguu, alianguka akishuka kanisani, na daktari amesema mfupa umeunga ila asipotembea mguu utakauka. Hatembei. Mama Balozi amembembeleza, mchungaji amemwombea, mimi nimempelekea chapati nikaziweka meza ya mbali ili azifuate, akaniambia kwa ile sauti nzito kwamba hana njaa. Kwa Balozi hiyo ni habari mbaya. Niliingia nikamkuta amelala upande, uso ukutani.

"Mbukwenyi, Balozi," nikamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa," akajibu bila kugeuka.

Nikarudi sebuleni kukaa na mkewe, mara Mtani akaingia. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye santuri, akafungua uzi kwenye bobini, mwingi, akauviringisha kidoleni. Akashusha antena. Ikaanza ile sauti nene ya kujizika, inajikokota, inaunguruma, ngoma ya Mama Balozi inaanguka kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

Kisha chumbani kitanda kikalia.

"Ongeza uzi," Balozi akasema.

"Sisikii!" Mtani akajibu.

"Ongeza uzi, Mhehe! Unaharibu wimbo wa watu!"

"Mimi naona mwendo ni huu. Ukitaka mwingine njoo uuweke."

Nilitaka kuinuka nikausawazishe mwenyewe, Mama Balozi akanishika gauni. Tukasikia matusi ya Kigogo, mazuri, ya kizamani. Halafu mguu ukagusa sakafu. Halafu wa pili. Alitokea mlangoni ameshika fremu, shati limefungwa kombo, uso umeiva kwa hasira, akavuka sebule kwa kushika kiti, meza, bega langu. Akampokonya Mtani uzi, akauzungushia kwenye bobini huku mkewe akimpigia mwendo kwa vidole juu ya sinia, mpaka sauti ya kijana yule ikapanda tena juu, nyembamba, nzima.

Balozi akabaki amesimama, mkono kwenye kibao changu, mpaka wimbo ukaisha. "Kesho usiguse," akamwambia Mtani.

"Sigusi," akasema Mtani, na alikuwa ameshaishika ncha ya uzi.